Majina Niliyosahau Kuficha

Munyaka, Eldoret
Jumanne, saa kumi jioni

Dada yangu mpendwa Nyakio,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, magoti yamepoa, na mumeo Muchiri ameacha kubishana na daktari juu ya chumvi. Mimi ni mzima. Duka langu la vitabu bado limesimama, ijapokuwa mvua ya wiki jana iliingia kwa paa ikanilowanishia katoni mbili za daftari. Nasikia huko Ainabkoi viazi vimekubali mwaka huu na baridi imezidi. Mwambie binti yetu Shiko nimepata kitambaa cha ile rangi anayoitaka kwa siku ya mahari yake. Aache kunitumia picha, rangi nimeielewa.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu iko hapa mezani. Ni kwa sababu kwenye simu najua kubishana. Tangu tukiwa watoto hujawahi kunishinda kwa maneno, hata siku ambazo haki ilikuwa yako. Jambo nililo nalo leo sitaki kulishinda. Ndiyo maana nimempa Mercy, binti anayeleta mbegu huko kwenu, bahasha hii, na nimemwagiza aiweke mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Nianze na kikundi chetu cha uji cha mtaa wa Huruma. Unajua tunavyofanya kazi. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana nyuma ya kanisa, wanawake kumi na mmoja pamoja na Johnstone fundi wa mabati, tunapikia watoto ambao wazazi wao wametoka alfajiri kwenda kuuza mitumba au kufulia watu nguo. Hakuna anayelipwa. Watoto sasa wamepita mia. Tunapika nje, na mvua ikinyesha moto unakufa, basi tunagawa uji ambao haujaiva au tunawarudisha watoto nyumbani na vikombe vitupu. Vikombe ndivyo tunavyojivunia. Kila mtoto ana chake, na jina lake limeandikwa kwa rangi ya kucha chini ya mkono wa kikombe. Mtoto hawezi kupoteza zamu yake wala kunyang'anywa. Wageni huuliza wazo hilo lilitoka kwa nani. Mimi hujibu kwamba ni langu. Nitarudi hapo.

Mwanzoni mwa mwaka Ayoo, mwenyekiti wetu, yule nesi, alisikia kwamba Mfuko wa Majirani unatoa ruzuku kwa vikundi vya mtaani. Ruzuku hiyo ingetujengea jiko la matofali lenye paa na tenki la maji. Mwaka uliopita tuliomba tukakataliwa. Safari hii Ayoo aliniletea fomu dukani, akasema wewe ndiye umesoma vitabu vyote hivi, wacha vitusaidie.

Unajua msimamo wangu, maana nimekuchosha nao. Nimeandika magazetini mara nyingi kwamba mtu akitaka kumpa mtoto uji ampe, asimdai picha. Nimepigana na mchungaji wetu hadharani kwa ajili ya bango lililokuwa na uso wa mtoto mwenye kamasi. Nimewahi kumtoa mzungu mmoja na kamera yake nje ya uwanja wa kanisa, na mchungaji hakunisalimia mwezi mzima. Nasema huruma inayongoja mpiga picha ni biashara, na bado nasema hivyo. Katika fomu ile kulikuwa na swali la tisa: simulia kisa cha mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha haja ya mradi huu. Nilimwambia Ayoo tuliache wazi kama heshima. Akaniambia kwa upole kwamba mwaka jana tuliliacha wazi kama heshima, na uji ukaendelea kunyeshewa.

Nililijaza. Tukapewa ruzuku.

Jumamosi iliyopita ikawa siku ya familia, kwa kuwa Mfuko ulitaka kukabidhi mbele ya watu. Natamani ungekuwepo kuona sehemu ya kwanza. Huruma nzima ilihamia uwanja wa kanisa. Kina baba walikimbia na yai juu ya kijiko, na Johnstone akaanguka, akainuka na kijiko kitupu, akadai ameshinda kwa sababu kijiko kilifika. Kina mama wa Munyaka walivuta kamba na kina mama wa Huruma wakashindwa vibaya, wakasema kamba ilikuwa imelowa upande wao tu. Sisi tulileta mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, na jamaa za Ayoo wakaleta samaki wa kukaanga, sinia tatu. Watoto walikula mpaka wakaanza kulala chini ya meza.

Mimi nilikuwa nimeketi mstari wa mbele na hotuba kwenye mkoba. Nilikuwa nimeiona ile hundi ya kadibodi, kubwa kama mlango, imeegemezwa kwenye hema, nami nilikusudia kusimama na kuiuliza itapitia dirisha gani la benki. Sikupata nafasi. Collins, kijana wa Mfuko, mtaratibu na mwenye adabu, alishika maikrofoni akasema kwamba kabla ya kukabidhi angependa watu wasikie kilichoigusa kamati. Akafungua karatasi akasoma jibu letu la swali la tisa, lote, kwa sauti nzuri.

Kilikuwa kisa cha mama mmoja katika kambi ya waliofukuzwa makwao, mwaka ule wa vurugu. Mama huyo alikuwa mtu wa kuheshimika kanisani. Kila asubuhi alijifunika uso kwa leso akapanga foleni ya uji na wanawe wawili na binti yake mdogo, ili waliozoea kumwona akigawa wasimwone akipokea. Siku ya nne uji uliisha kabla ya kumfikia. Mtoto wa mtu mwingine aliweka kikombe chake chini ili afunge kiatu. Mama akakichukua, akatembea, akampa binti yake. Alipogeuka alimwona yule mtoto. Hakulia. Alikuwa akitazama tu pale chini alipokuwa amekiweka.

Baadhi ya watu walijipangusa macho. Collins akasema mama huyo ndiye sababu ya jiko hili, na watu wakapiga makofi. Hotuba yangu ilibaki mkobani.

Wakati wa kugawa chakula, Mama Ng'ang'a alikuja kuketi karibu nami. Unamkumbuka, aliyekuwa na duka la unga jirani yetu kabla ya vurugu. Sasa anatembea kwa fimbo na haoni vizuri, lakini masikio hayajaharibika. Alikula kidogo, akafuta vidole, halafu akasema pole pole, bila kunitazama:

"Muigai kwanza, halafu Gichuru. Waiyego, unafikiri sisi wazee tumesahau watoto wanavyopewa majina?"

Sasa nimefika nilipokuwa nikiogopa kufika. Nyakio, kile kilikuwa kisa chako. Ulinisimulia tukiwa tumeinama kwenye shamba lako la viazi, miaka sita iliyopita, na ulipomaliza uliniambia kwamba Muchiri hajui, watoto hawajui, na kwamba mimi ndiye kaburi lake. Nilikiandika kwenye fomu. Nilikubadilisha jina nikakuita Mama Wanja, nikajiona mwerevu. Wavulana niliwaacha na majina yao, kwa sababu kila nilipojaribu kuyabadilisha sentensi zilikufa mkononi. Nilidhani hakuna wa kuyafuatilia.

Ilibidi nimweleze Ayoo jinsi ilivyojulikana, kwa maana kwao majina hayaendi hivyo. Kwetu mvulana wa kwanza hurithi jina la babu wa upande wa baba, na wa pili la babu wa upande wa mama. Basi mama ambaye wanawe ni Muigai na Gichuru, kwa mpangilio huo, ameolewa na mwana wa Muigai na amezaliwa na Gichuru. Gichuru wa pale mtaani kwetu alikuwa na mabinti wawili. Mmoja hakuzaa, na alikuwa ameketi mstari wa mbele na mkoba. Mwanamke yeyote wa Kikuyu wa rika la Mama Ng'ang'a angelifumbua hilo kabla ya sahani kufika. Mimi niliyesoma vitabu vyote hivi sikuliona.

Lakini majina ndiyo kosa dogo, na sitaki kujificha nyuma yake. Kosa kubwa ni hili. Nilipomaliza kukiandika nilikisoma tena, na tena, na nikalia. Sikulia kwa ajili yako. Nililia kwa sababu kilikuwa kizuri. Nilijua kitashinda. Niliweka kalamu chini nikiwa na furaha, dada, kama fundi aliyemaliza kabati.

Jumapili baada ya ibada niliwakusanya wenzangu nikawaambia, bila kukutaja jina. Nilisema tu kwamba kisa si changu na sikupewa ruhusa. Ayoo ananijua miaka tisa, na amenisikia nikiwahubiria wote juu ya picha na bango na yule mzungu. Akasema:

"Kumbe wewe hukuhitaji kamera."

Hapo nilishindwa kwa maneno. Unaweza kuandika tarehe.

Jana Collins alikuja dukani. Alikuwa na habari ambayo kwake ilikuwa njema: Mfuko unataka kumpiga picha mama yule akikata utepe, na kisa kichapishwe kwenye kijitabu chao cha mwaka. Nilimwambia hapana, na kwamba tunakiondoa kisa kwenye maombi yetu. Hakukasirika. Alieleza tu kwamba kamati ilitoa alama kwa maombi kama yalivyokuwa, kwa hiyo yakibadilika lazima iketi upya, na kuna vikundi vingine vinavyongoja. Itaketi Ijumaa. Nilimpeleka kwa Ayoo, nikidhani huenda atanibembeleza nikuandikie kukuomba ruhusa. Ayoo alichukua kalamu yake mwenyewe akaandika barua ya kukiondoa. Wenzetu wote walikubali. Mmoja wao tu aliuliza nani atawasha moto mvua ikirudi, na hakuwa akituchokoza. Lilikuwa swali la haki. Johnstone anaendelea kupima mahali pa jiko kwa kamba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukatibu wa kikundi nimeuacha. Ayoo ameukubali uamuzi huo haraka kuliko nilivyotarajia, akanipa kazi ya kuosha vikombe. Jumamosi nitaviosha vyote, jina baada ya jina. Wageni wakiuliza wazo lilitoka wapi, nitasema lilitoka kwa mtu mwingine, maana lilizaliwa siku ile shambani mwako, na nitaishia hapo.

Nakuandikia sasa kwa sababu wako wanawake waliokuwa uwanjani ambao hupanda huko kununua viazi, na mwezi ujao wakwe wa Shiko wanakuja nyumbani kwako. Sikutaka uchunguze nyuso za watu siku hiyo ukijiuliza wanajua nini. Wanaojua kwa uhakika ni mimi, Ayoo niliyemweleza, na Mama Ng'ang'a. Wengine huenda wamehesabu kama yeye, huenda hawakuhesabu. Barua hii ni yako. Ukitaka Muchiri ajue, msomee wewe, kwa maneno yako. Ukitaka kuichoma, jiko liko karibu.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Nitakuja Jumapili baada ya ibada. Lango likiwa limefungwa, nitaacha kitambaa cha Shiko kwa jirani nirudi zangu, na sitapiga kelele nje kama ninavyofanya siku zote. Likiwa wazi, nitakaa popote utakaponiambia nikae, na utasema wewe. Nimejizoeza kunyamaza tangu Jumamosi. Bado sijui vizuri, lakini nimeanza.

Nisalimie Muchiri, na umwambie mguu wake uliovimba ninauombea ijapokuwa kichwa chake ndicho kingehitaji maombi. Nisalimie Muigai na mkewe, na Gichuru akipiga simu kutoka huko aliko. Shiko mwambie mama yake mdogo anampenda, akifika kwenye sherehe au asipofika.

Nina salamu moja zaidi, na hii si yangu. Mama Ng'ang'a alipomaliza kunisuta aliomba nimshike mkono ainuke. Alisimama kwa fimbo, akatazama watoto waliokuwa wakikusanya vikombe vyao, kisha akanipa ujumbe. Sikuletei ili kosa langu liwe dogo. Yeye mwenyewe alinikataza kuutumia hivyo. Alisema nikuambie neno kwa neno:

"Mwambie Nyakio nilikuwa nyuma yake kwenye ile foleni. Nilimtambua kwa miguu, si kwa uso. Nami pia nilikuwa nimejifunika."

Ni mimi mdogo wako,
Waiyego wa Gichuru