Mama Mkwe Anadhani Ananuka

Mpendwa Hajia Sanatu, nisaidie kabla sijarudishwa kwa baba yangu, na tafadhali badili majina yetu yote, maana nina mimba, ni ya kwanza, na wewe unajua kwetu Dagbon mimba ya kwanza haitajwi na yeyote mpaka shangazi wa mume aje aitangaze kwa desturi yake, na shangazi huyo yuko Kumasi anauza viazi vikuu, na mume wangu Napari kila nikimuuliza ananijibu, "Atakuja tu, subiri." Basi nasubiri, na huku pua imenigeuka, nasikia harufu ya jivu la jirani, ya sabuni ya mume wangu, hata ya maji ya mtungi, lakini inayonimaliza ni ya dawadawa, na mama mkwe wangu Mma Azara ndiyo kazi yake, huchemsha mbegu za mti wa dawadawa akazifunika mpaka zivunde ndipo ziwe kiungo cha mchuzi, na ndizo zilizomsomesha Napari. Siku moja alinipakulia kwa mkono wake mwenyewe, nikaziba pua mbele ya mawifi nikakimbilia nyuma ya nyumba, na wifi mmoja akasema kwa sauti, "Mwacheni malkia, dawadawa ya maskini haimshuki kooni!" Nilitamani kumjibu, lakini dada yangu alitaja mimba yake mapema ikatoka, kwa hiyo nikanyamaza. Sasa hata maji hayakai tumboni, nguo zinanipwaya, na juzi nilimwona Mma Azara amejisugua mikono kwa ndimu na jivu mpaka imechubuka, akamwinamia jirani akamwambia, "Ninuse, mwenzangu, usinifiche. Kweli nanuka?" Hajia, nililia. Jana alimwambia Napari kwamba kama nyumba yake inanitia kinyaa basi nirudi kwetu, na mimi kabla ya haya nilikuwa nikiilamba dawadawa yake kiganjani, sasa nifanyeje, niseme nimpoteze mtoto, au ninyamaze niipoteze ndoa?

Mwenye Pua, Savelugu

*

Mwanangu, barua yako naisoma hapa redioni, pole sana. Majina nimebadili, na mji pia. Pua yako si dharau wala si uchawi, ni mimba. Mimi mimba yangu ya pili nilimfukuza mume chumbani kwa sababu ya shati lililotoka kufuliwa, masikini ya Mungu, na hakuwa na kosa.

Lakini hilo la maji kutokaa tumboni silipendi hata kidogo. Nenda zahanati leo, usingoje kesho. Desturi inakataza kutangaza, haijamkataza mkunga kukupima. Na mimba ya dada yako haikutolewa na ulimi wake. Mimba huharibika hata kwa walionyamaza, nami nilikuwa mmoja wao.

Sikuambii uivunje desturi ya wazee. Ila wewe mume, kama redio iko wazi hapo ulipo, utajijua: panda basi ukamlete shangazi yako! Viazi havitamkimbia. Mkeo anatukanwa, mama yako anajichubua mikono, na wa kuwaokoa wote wawili ni wewe, nawe umekaa unasema subiri. Subiri nini?

Na wewe binti, chakula cha moto ndicho kinachonuka zaidi, kwa hiyo acha ugali wako wa tuo upoe kabisa, ule kidogo kidogo, ukae upande unakotoka upepo. Weka ganda la ndimu karibu na pua. Kupika waachie hao mawifi wenye maneno, mikono wanayo.

Halafu, kabla shangazi hajafika, nenda kwa Mma Azara uchuchumae kama unavyomsalimia asubuhi, umwambie hivi tu: "Mma, si wewe. Mkono wako sijawahi kuuchukia. Nivumilie kidogo." Usiongeze neno. Huyo amezaa, atakutazama usoni ataelewa, naye atanyamaza kama inavyotakiwa. Ulimwogopa bure mtu ambaye angekutunzia siri.

Siku shangazi akishatangaza, mama huyo atakuja mbio na dawadawa mikononi akukumbatie. Mwache. Ukimtapikia begani usimwombe radhi. Hatamwomba tena jirani amnuse.