Nta ya Mizinga Iliyoungua

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, ila sikuwahi kusema na wewe kabla ya kukuamkia, na sitaanza leo.

Mvua zimeshika. Itetemia yote imekuwa kijani, hata ule msitu wa kando ya njia ya zamani ya wapagazi, pale moto ulipokukuta, umechipua kana kwamba hakuna lililotokea. Naukasirikia. Nyuki nao wamerudi, lakini hawana mzinga hata mmoja wa kuingia.

Wazee walitaka mdogo wako apelekwe bomani kwa bwana shauri, kwa kuchoma shamba siku ya upepo mpaka moto ukaruka kwenye mizinga yako, nawe ukaingia kuiokoa. Mama akakataa. Akasema shauri hilo ulilimaliza mwenyewe kitandani. Ni kweli, nilikuwepo, nikikupepea. Kifua kimeungua chote, sauti imebaki kidogo, na hiyo kidogo ukaitumia kwa ajili yake: "Tereza, mdogo wangu akija, usimnyime maji." Neno la mwisho ukampa yeye. Mimi hukuniachia hata moja.

Amekuja. Jumapili ya tatu ya Majilio tulitoka kanisani tukamkuta ameketi mlangoni, amekonda, na mbele yake bonge la nta ndani ya kitambaa. Ilikuwa nta yako, Baba. Aliikwangua chini ya mizinga iliyoungua, imechanganyika na majivu na mabawa ya nyuki. "Mwanangu," akasema, "ichuje, tupeleke mshumaa wa Noeli kama kaka alivyokuwa akipeleka." Nikaipokea, nikaingia ndani. Maji hakuomba, nami sikumpa.

Nimeichuja kwa namna yako: moto mdogo, maji mengi, kitambaa kizito, ikiganda nakwangua uchafu wa chini, kisha naanza tena. Yako ilikuwa ikitoka ya manjano, ukaninusisha na kunitania kwamba siku nikiletewa mchumba utampima kwa kumnusa hivyo hivyo. Hii imebaki nyeusi. Nadhani moshi umeingia ndani yake. Nimelia juu ya sufuria mpaka Mama akaniondoa jikoni.

Padri anasema neema haingoji moyo utakate, yenyewe ndiyo huja kuutakasa. Nilimwitikia, kwa heshima tu. Kwenye Baba Yetu nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea nafunga mdomo, nawangoja wenzangu kwenye "usitutie katika kishawishi". Mdogo wako hukaa benchi la nyuma, na sauti yake inafanana na yako. Hapo ndipo ninapomchukia zaidi.

Nilidhani Majilio yatanilainisha. Yanakwisha, na ndani yangu hakuna kitu. Mama amemsamehe, au amechoka, siwezi kutofautisha.

Kesho ni mkesha. Mshumaa nimeumimina hivyo hivyo, mweusi, na nitaupeleka. Kusema nimemsamehe sitasema, nitakuwa nasema uongo mbele ya hori la Mtoto.

Kwa heri, Baba. Lala. Mdogo wako akipita hapa nyumbani nitamchotea maji mtungini, kwa kata yako, na nitasimama hapo mpaka amalize kunywa. Hilo nakuahidi. Zaidi ya hilo usiniombe, sina.

Mwanao,
Tereza