Baiskeli Nyeusi ya Nicholas

Jumatano, 8 Julai 1987

Kibali cha tamasha la baiskeli kimetoka! D.O., mkuu wa tarafa, ameandika: watu wa baiskeli za kukunja wasizidi sita, hotuba hakuna. Hotuba ya nini jamani — tunakunja, tunakunjua, watu wanapiga makofi, basi.

Lakini huyu wa sita ni nani? Thuo, fundi wetu, anasema ni Nicholas fulani, muuza mbegu wa Turbo, ana baiskeli nyeusi. Nyeusi! Baiskeli zote za kukunja za mji huu nazijua, na nyeusi haimo. Thuo akacheka, eti siku hizi namshuku hata paka. Acha acheke. Ephantus, mume wangu, alitoka Mei na baiskeli yake, na kesho yake watu wa Landrover, polisi wasiovaa sare, wakaja kuulizia makaratasi yake ya siasa. Alipo tunapajua wawili tu, mimi na Thuo. Hapa sitapaandika.

Ijumaa, 10 Julai

Amekuja dukani kwangu, huyo Nicholas. Kiberiti kimoja. Viatu vinang'aa — muuza mbegu, na matope haya! Kila mteja huniuliza Mzee wangu yuko wapi siku hizi. Yeye hakuuliza. Kwa nini hakuuliza?

Jumamosi, 11 Julai

Nimefunga mlango kwanza, ndipo naandika.

Uwanja ulijaa. Vijana wa mbio walipoondoka, zamu yetu ikafika. Desturi yetu ni moja: hukunji yako, unakunja ya mwenzako, ndiyo ionekane nani anajua kweli. Ile nyeusi ilikuwa ya Sarah, mwenzetu, kukunja. Nikamnyang'anya. Filimbi! Nikainama kwenye bawaba — bolti ni ya shaba. Thuo aliichonga kutoka kwa mfereji mbovu wa maji jikoni kwangu. Ni baiskeli ya Ephantus, imepakwa rangi tu!

Nikawa wa mwisho. Watu wakacheka, na yuthi winga mmoja, wale vijana wa chama, akanizomea.

Nicholas akasogea, sauti chini: Mama Wacera, Mzee anakusalimia, anaomba sweta, kesho twende. Halafu akaongeza, utatangulia wewe, njia za kule sizijui vizuri.

Hazijui! Na salamu alizipata wapi, kwa posta? Baiskeli wameipata, Ephantus bado wanamtafuta.

Nikasema sawa. Ningefanya nini? Nikikataa, atajua nimejua. Basi nitamtangulia — njia ya senta ya Ziwa, mbali kabisa na alipo Ephantus. Thuo atoke alfajiri upande ule mwingine, amhamishe. Safari hii Thuo hakucheka. Naogopa sana.

Jumapili, 12 Julai

Ziwa. Naandika chooni nyuma ya hoteli, daftari kwenye goti.

Masaa matatu tumepiga pedali. Nimemzungusha huyu mtu kama ng'ombe wa mnada, kila kona namwambia bado kidogo. Hakulalamika hata mara moja. Nikajisifu moyoni — sasa Thuo ameshafika, sasa wanaondoka.

Tukaingia hotelini. Nikaenda kunawa, kurudi chai iko mezani. Yake ya maziwa. Yangu strungi, bila tone la maziwa.

Strungi! Hapa Ziwa, na ng'ombe wote hawa, nani humwagizia mgeni strungi? Maziwa hunivuruga tumbo, lakini kwa watu nakunywa tu kwa adabu, naenda kuugulia nyumbani. Hata Thuo hajui. Anayejua ni Ephantus peke yake.

Nikamuuliza, nani alikuambia? Akasema ni Mzee, nani mwingine. Hakunitazama.

Kwa hivyo amekaa na Ephantus. Wameongea mpaka mambo ya tumbo langu. Kama ni rafiki — mbona njia haijui? Na kama si rafiki, Ephantus alibanwa namna gani mpaka akafika kwa chai yangu? Ee Mungu. Kama wako naye tayari, kule kwenye nyumba alikojificha wanamngoja nani?

Na Thuo nimemtuma huko huko. Mimi mwenyewe! Peke yake.

Anagonga mlango. Polepole, kwa heshima. Anasema, Mama, chai inapoa —