Dada, Neno Nililokuambia Wodini

Mpendwa dada Fortunata,

Tangu tukuzike, watu wa Kibaoni wananipita barabarani bila salamu. Si chuki, hawanitambui tu. Majuzi mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia, "Mama, ni mimi Editha, mdogo wake marehemu Fortunata." Akashika mdomo. Nikaona nikuandikie, maana wewe ndiye uliyenijua nilivyokuwa.

Unaikumbuka ile harusi ya Sanje, kiti cha plastiki kilipovunjika chini yangu? Watu wote walinyamaza, na kule kunyamaza kulinichoma kuliko kama wangecheka. Wewe ulishuka na sahani yako ukakaa chini pembeni yangu, na kitenge chako kipya. "Hapa chini kuna upepo," ukasema, ukaendelea kula. Tulikula pilau lote pale sakafuni kama tulivyokula utotoni.

Wote wawili tulikuwa wanene, lakini wewe ulijua kuubeba mwili wako. Kliniki nesi alipotuambia mzani wao umefika mwisho, mimi nilitaka turudi nyumbani. Wewe ukanivuta hadi mashineni, kwenye mzani wa magunia ya mpunga. Ukapanda wa kwanza. Wapakiaji walipocheka, ukawaambia, "Chekeni, ila msome vizuri." Mimi nilipanda nimefumba macho. Sukari ilikuwa imeshaanza kunila miguu, palizi nilikuwa nimeiacha, na hata kamba za viatu ulinifungia wewe.

Ndiyo tukaenda Dar es Salaam, wote wawili, tupasuliwe tupunguzwe tumbo. Tulipimwa siku nzima. Daktari alikuita kwa upole sana, nami nikajua kuna jambo.

"Mama, moyo wako umechoka. Nikikupa dawa ya usingizi sasa, sina uhakika wa kukuamsha. Kunywa dawa, tembea, punguza mwili taratibu, halafu urudi baada ya miezi sita."

Ulimuuliza kitu kimoja tu. "Na huyu mdogo wangu?"

"Huyu yuko tayari."

"Basi msimcheleweshe."

Asubuhi ya upasuaji gauni la hospitali halikunitosha mgongoni. Nililishika kwa nyuma kwa mkono mmoja, machozi yakinitoka. Ulivua khanga yako ukanifunga kabla kitanda cha magurudumu hakijafika, ukatembea nami hadi kwenye mlango ambao hukuruhusiwa kuupita. Sikukuaga. Niliogopa nikifungua mdomo nitaomba turudi nyumbani.

Hakuna aliyekuwa ameniambia maumivu yatapanda hadi begani. Matundu yalikuwa madogo, matano tu, lakini nikigeuka nilihisi kama nimeshonewa kitandani. Nesi alikuwa akininyanyua nitembee, hatua kumi, kisha ishirini, huku nimeshika mti wa dripu. Chakula hakuna. Maji kijiko kimoja, nisubiri, kingine. Nikiharakisha, kifua kilibana kama nimemeza jiwe. Siku mbili sikusema neno na mtu. Nililala nikiangalia dari, nikijiuliza kwa nini nimekubali kukatwa nikiwa hai.

Siku ya tatu ulikuja mapema, hujala chochote. Mchana ukasogea dirishani, ukanipa mgongo nisione, ukafungua kontena la wali maharage. Harufu ikanifikia. Sijui ilikuwa njaa ya tumbo au ya kichwa, lakini nilikuchukia, dada. Nikasema kwa sauti, wodi nzima ikasikia:

"Kula tu! Ndiyo maana wamekukataa."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani. Wewe ulifunika kontena, ukapangusa mikono, ukatoka nje. Ulikaa huko kidogo. Uliporudi ulichukua kijiko.

"Maji yako, mdogo wangu. Muda umefika."

Nikanywa. Sikuomba msamaha.

Tuliporudi Ifakara ulinichujia supu na uji kila siku, ukanivumilia nilipotapika. Asubuhi ulikuwa unatembea hadi daraja la Lumemo na kurudi, umelowa jasho, dawa zako hukuruka hata siku moja. Mwili ukaanza kupungua kweli. Mimi kila nikitaka kukuomba msamaha kwa lile neno, nilijipa muda. Nilisema moyoni, akilazwa naye, mimi ndiye nitakayeshika kijiko, na hapo nitamwambia. Nilipanga hata maneno.

Ulianguka jikoni ukisubiri chai ichemke, wiki moja kabla ya tarehe yako ya kurudi kwa daktari. Begi la safari lilikuwa limeshafungwa, liko kitandani.

Msibani Sanje watu walinitazama wakanong'onezana: "Editha ameisha, huzuni imemmaliza." Sikuwasahihisha. Nilisimama kando ya kaburi kwa miguu yangu tangu mwanzo wa ibada hadi mwisho, jambo ambalo nisingeliweza kabla, na niliona aibu kwamba naweza.

Jumamosi iliyopita mwanao Veneranda alikuja kutoka chuoni. Tulikuwa uani tunapepeta mchele. Akaniuliza, "Mama mdogo, mbona kila tukitaja safari ile ya Dar es Salaam unanyamaza?"

Nikaweka ungo chini. Nikamweleza yote, na neno lenyewe nikalitamka kama nilivyolitamka siku ile. Nilidhani atainuka aondoke.

"Najua," akasema. "Mama alinisimulia."

"Alisemaje?"

"Alisema ulimuumiza sana. Alitoka akalia koridoni." Akaokota chuya moja, akaitupa. "Halafu akasema siku mbili ulikuwa husemi kitu, alishaanza kuogopa. Akasema ile ndiyo ilikuwa sauti yako ya kwanza, akashukuru Mungu, akanawa uso, akarudi."

Dada, nililia mpaka Veneranda akaniondolea ungo. Nilikuwa nimejidanganya kwamba labda hukulisikia, au ulilisahau. Kumbe uliumia, na bado ukarudi na kijiko.

Nisamehe. Yale maneno niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa mengi, lakini sasa naona lililohitajika lilikuwa hilo moja tu.

Nakula kidogo kidogo, nimekaa. Sukari imetulia. Mwaka huu nimelima kipande chako na changu, nikapalilia mwenyewe kwa kuinama. Jumatatu nitampeleka Veneranda akapimwe moyo. Amekubali, ila ameniomba nisimwache mlangoni peke yake. Sitamwacha.

Pumzika salama, dada yangu.

Mdogo wako,
Editha