Petroli ya Mama Nyandeng Haikuwa na Maji

Fundi,

Petroli ya Mama Nyandeng haikuwa na maji. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe unanijua, mdomo wangu hauna breki.

Niko kwako Lodwar, nimekalia kile kiti chako cha kamba nje ya nyumba. Mama Ekai wako yuko ndani anachagua maharagwe. Huu ni mwezi wa pili tangu tukuzike. Karakana kule Kakuma bado naifungua kila asubuhi. Watu wa pikipiki wanakuja. Wa magari wanachungulia, wakiona ni mimi peke yangu wanasema watarudi, na hawarudi.

Pikapu yako ilivutwa kutoka barabarani ikaletwa hapa uani. Juzi Mama Ekai alinipigia simu: "Akiru, njoo uwashe hii gari ya mzee wako. Nimechoka kuiangalia imesimama tu." Nikaja na spana zako. Sikutaka kuja, nakuambia ukweli. Nilikuwa naliogopa hilo gari.

Sijui unakumbuka kiasi gani cha siku ile. Tumbo lilikushika tangu alfajiri, kliniki wakasema linataka kupasuliwa, twende Lodwar haraka. Ambulensi ilikuwa imekwenda kumchukua mama mjamzito mbali. Tukasema basi, twende na pikapu, mimi nitaendesha. Mama Nyandeng alituona kutoka kwenye meza yake ya petroli pale kando ya barabara ya kuingia kambi ya wakimbizi, akaja mbio na mitungi, akamimina mwenyewe mpaka tangi likajaa pomoni, akakaza kifuniko kwa mikono miwili. "Malesh, Fundi, malesh," ile pole yake ya Kiarabu. "Endeni." Kila siku ulikuwa unamtania kwamba ameondoka Sudan Kusini lakini haraka yake ameiacha huko. Siku ile alikimbia.

Katikati ya njia gari likakohoa, likazima. Nikapiga stata. Ikazungusha vizuri, injini ikashika, ikanguruma kidogo, ikazima. Nikapiga tena, ikawa vilevile. Nilitoa plagi nikazipangusa, nikapuliza filta, nikagonga kabureta kwa mpini wa bisibisi. Nikiacha kidogo, inawaka, tunasogea, inazima. Jua lilikuwa kali mpaka boneti haishikiki. Niliitukana ile pikapu, nikamtukana aliyeitengeneza, kisha nikaanza kuiomba. Mwishowe lori la mbuzi likatubeba. Daktari alikupokea vizuri, lakini alipokugusa tumbo akasema, "Mngefika mapema kidogo." Ulikata roho kabla hawajakuingiza chumba cha upasuaji.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya hapo.

Matangani kaka zako waliniuliza gari lilikuwa na nini. Uwanja mzima ukanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani, mimi ndiye niliyekuwa nashika hilo gari tangu ulipoanza kulegea. Nikasema, "Petroli ilikuwa na maji." Hakuna aliyenitia maneno mdomoni. Na sikupima, Fundi. Sikupima chochote. Nilikuwa naogopa swali litakalofuata, basi nikatupa jina la mtu mwingine mbele yangu.

Neno hilo lilifika Kakuma kabla yangu. Vijana wa ukoo wako walimwaga petroli yake yote mchangani. Hakuna anayenunua kwake tena, hata wale aliokuwa anawakopesha. Kaka zako wameitisha kikao Jumamosi, wanataka aondolewe pale barabarani asionekane tena. Na unajua kibaya zaidi ni nini? Hakubisha. Siku moja alikuja akasimama mlangoni pa karakana, akaniambia, "Malesh, binti yangu, pengine mtungi mmoja sikuuosha vizuri." Anaamini ni yeye aliyekuua. Mimi nikaendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakazika.

Jana asubuhi ndipo nilipoanza kazi hapa uani. Nilikwenda kwa njia yako: kwanza moto, halafu mafuta, halafu hewa. Moto ulikuwepo, plagi zote zilitoa cheche ya buluu. Nikatoa petroli chini ya tangi, nikaiweka kwenye chupa nyeupe juu ya ukuta. Maji ni mazito, yangekuwepo yangelala chini. Nikangoja. Nikatikisa, nikangoja tena. Halikuwemo hata tone. Hapo tayari nilijua Mama Nyandeng hana kosa, na nitakuambia aibu yangu: nilifikiria kuimwaga ile chupa, nifunge sanduku la spana, nimwambie Mama Ekai gari limeshindikana.

Sikuimwaga. Nikachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, nikapiga stata. Petroli iliruka vizuri, ikapungua, ikawa inadondoka tu. Pampu inavuta, lakini kuna kitu kinagoma kuachilia. Nikaenda kulegeza kifuniko cha tangi nichungulie ndani. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Nikarudisha mpira, nikawasha injini kifuniko kikiwa wazi. Ikawaka na haikuzima. Mama Ekai alitoka ndani anapangusa mikono, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nije. Nikafunga kifuniko. Muda wa kumaliza kikombe cha chai, ikaanza kukohoa, ikazima. Nikafungua, ikawaka. Nilirudia mara tatu, nikitamani hata mara moja inikatae.

Kisha nikakigeuza kile kifuniko, nikaona gundi yangu.

Siku mbili kabla hujaugua upepo ulikuwa unapiga vumbi wiki nzima, unakumbuka, tulikuwa tunasafisha filta asubuhi na jioni. Nikaona kifuniko chako kina tundu dogo la msumari. Nikasema, kumbe vumbi linaingilia hapa! Nikaliziba kwa gundi ya chuma, nikasugua kwa msasa mpaka pakawa laini. Nilikuwa najivunia. Nilitaka nikuonyeshe ukiwa na nafasi, uniambie "ejok", yaani vizuri, kwa ile sauti yako ya puani. Safari za hapo mjini hazikuonyesha kitu, tangi lilikuwa karibu tupu, hewa ya ndani ilitosha. Siku ya safari ndefu, likiwa limejaa, hewa haikutosha, na petroli haitoki kama hewa haiingii kushika nafasi yake.

Nikaufuata mpira mwembamba wa kupumulia tangi. Nyigu wameujaza udongo, mgumu kama tofali. Wewe ulilijua hilo, sijui tangu lini. Badala ya kuuzibua ukachukua msumari, ukalitoboa tangi pua nyingine, ukaendelea na shughuli zako. Wala hukumwambia mtu.

Nimekukasirikia, Fundi. Nasema hivi kwenye kiti chako mwenyewe. Miaka mitatu kila nikiuliza ulikuwa unanijibu, "Wewe angalia mkono yangu, wacha maswali." Nimeuangalia huo mkono mpaka nikaujua kuliko wa baba yangu. Lakini tundu lililotobolewa kabla sijafika, ningeliangaliaje? Neno moja tu. Ungesema, "Hiyo usizibe." Ni maneno mangapi hayo?

Halafu hasira ikiisha, nabaki na kidole chako. Pale barabarani, mara ya tatu au ya nne gari lilipozima, uliinua mkono ukaonyesha nyuma. Nikadhani unataka maji ya ule mtungi wa nyuma. Nikakuletea kikombe, ukatikisa kichwa, nikakulazimisha ukanywa. Pengine ulitaka maji kweli. Pengine ulikuwa unanionyesha tangi. Nimelala na jambo hili na nimeamka nalo, na hakuna wa kunijibu.

Leo asubuhi nilimwambia Mama Ekai. Yote, pamoja na yale niliyosema matangani. Nilimwekea kifuniko mkononi. Alikitazama, akapitisha kucha kwenye gundi. Hakulia. Alisema, "Mzee alikuwa mgumu wa maneno, hata kwangu." Nikangoja anifukuze. Akauliza, "Na Nyandeng anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi washa gari kesho. Tunaenda wote."

Hakusema amenisamehe. Mchana amekula peke yake ndani, mimi nimekula hapa nje. Ni haki yake.

Mpira wa kupumulia nimeuzibua kwa waya na gari sasa linakaa likiwaka. Kesho nitapita mahali pale pale tulipokwama, mke wako akiwa kwenye kiti ulichokalia wewe, na sijui nitaweka wapi macho yangu. Nitaanza kwa Mama Nyandeng, kabla ya mtu mwingine yeyote, nimwambie mitungi yake ilikuwa safi. Jumamosi nitasimama mbele ya kaka zako. Wakisema nisiishike tena karakana yako, nitawaachia funguo. Wakisema mengine, nitayasikia.

Pumzika, Fundi. Msamaha wako sikuombi leo, kuna mwanamke mmoja Kakuma ninayepaswa kumwomba kwanza. Bado anaamini mikono yake ndiyo iliyokuua. Kesho nitamwambia ni mikono ya nani.

Mwanafunzi wako,
Akiru