Karatasi ya Mume wa Olive

Butembo, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Jambo Mama. Habari ya Goma? Mgongo umepoa? Huku tuko wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua.

Salamu zimekwisha. Nimekasirika, na wewe ndiye uliyenikasirisha.

Olive, niliyesoma naye pale mtaani Ndosho tangu tukiwa wadogo, amenipigia simu akilia. Alikwenda kwenye kituo chako cha afya kuomba kijiti cha mkononi cha kuzuia mimba, ukamrudisha nyumbani akalete karatasi yenye sahihi ya mumewe. Mama! Mimi ndiye niliyewafundisha ninyi wauguzi, na wewe ulikaa kiti cha mbele. Kwenye igizo uliwashinda wote: “Mwili ni wako, mama, uamuzi ni wako.” Walikupigia makofi, nami nikajivuna. Kumbe yalikuwa maneno ya darasani?

Olive amezaa kwa kupasuliwa mara tatu. Daktari alimwambia mimba ya nne inaweza kumwua. Hata sheria inasema mume na mke wasipopatana, neno la mwenye mwili ndilo linashinda. Mwite, umwekee.

Mwanao,
Julienne

Goma, 13 Machi 2024

Binti yangu Julienne,

Kasereka, yule kijana wa uwanja wa ndege, ameniletea barua yako. Nashukuru Mungu uko mzima. Mgongo bado unauma, na barua yako haikuuponya.

Ulitufundisha kumpa kila mwanamke kadi ya tarehe ya kurudi, aende nayo nyumbani. Nilimpa Bénita, mmoja wa wanawake niliowahudumia. Mumewe, Habineza, akaikuta ndani ya Biblia. Alimpiga, akamburuta mpaka kituoni mbele ya foleni nzima, kisha akanikamata kola: “Nani alikupatia ruhusa ya kugusa muke wangu?” Wewe ulikuwa wapi? Ulishapanda ndege na projekta yako! Katika igizo lako zuri alikuwepo muuguzi na alikuwepo mwanamke. Mume hakuna aliyemcheza.

Tangu siku ile naomba karatasi. Nina miaka ishirini na sita katika kazi hii. Usinifundishe aibu.

Mama yako

Butembo, 20 Machi 2024

Mama,

Pole. Pole sana, na Bénita mpe pole yangu. Yuko wapi sasa, amepona? Kadi ni kosa langu, nalikubali. Zibaki kwenye droo yako, tarehe mwanamke aishike kichwani.

Lakini hasira yangu haijaisha. Aliyekukamata kola ni Habineza, na adhabu umempa Olive. Karatasi hiyo haimlindi yeye, inakulinda wewe. Usihangaike kunijibu. Nenda kwake wiki hii hii, nakuomba.

Mwanao,
Julienne

Goma, 22 Aprili 2024

Julienne mwanangu,

Hujambo? Bénita amepona, yuko kwa dada yake. Mimi usiniulize hali.

Barua yako niliitupa juu ya kabati, ikakaa huko zaidi ya wiki mbili, kwa hasira tu. Hilo ulijue kwanza. Kisha nikaenda kumchukua Olive, nikamleta kituoni. Kabla ya kuweka kijiti tunapima mkojo. Nilipima mara mbili. Ana mimba.

Alikuwa amekaa kitandani, mkono wa blauzi ameshaukunja, akanyoosha karatasi. “Mama Marcelline, ile karatasi uliniomba, iko hii.” Aliificha bila sahihi wiki sita chini ya godoro, akiogopa kumwonyesha mumewe, Samy. Siku alipothubutu, Samy aliisaini akiwa amesimama mlangoni, akauliza swali moja tu: “Sasa hii mulikuwa munaitakia nini?”

Nimejichukia, Julienne. Nimeshamwandikisha hospitali. Nitamsindikiza kila mwezi, na siku ya kupasuliwa nitakaa pale mlangoni mpaka nimsikie sauti. Akipona, ashukuriwe Mungu, si mimi.

Karatasi yenyewe imo ndani ya bahasha hii. Kwenye mafunzo yajayo waonyeshe wote, na jina langu usilifiche. Waambie aliyeiomba ni mama yako, yule waliyempigia makofi. Halafu tafuta mwanamume mwenye sauti kubwa acheze Habineza, nami uniite niwe muuguzi tena. Na huyo mwanamume mwambie anikamate kola kwelikweli.

Mama