Sindano iliyopigwa mbele ya mashini

Madeleine, kabla ya kupambazuka nilisikia kitanda cha binti yangu Rébecca kinagonga ukuta. Alikuwa anatetemeka kwa homa. Wiki mbili za sindano za kuua vijidudu, na bado homa.

Leo Solange, infirmière, muuguzi wa mashini ya figo, aliuliza Rébecca anapigwa sindano saa ngapi. Nikasema asubuhi, kwa Blanchard wa duka la dawa, ndipo tunakuja kwenye mashini.

Akaniambia: "Mama, mashini ikisafisha damu, inatoa na dawa. Hii sindano inapigwa nyuma ya mashini, ikishamaliza kusafisha."

Wiki mbili, Madeleine. Tulikuwa tunamwaga dawa.

Nikamwacha Rébecca kwenye mashini, nikapanda pikipiki mpaka kwa Blanchard. Unajua alinijibu nini?

"Nilijua, Mama. Lakini saa munatoka kule, miye niko nimeshafunga."

"Nilijua." Alisema "nilijua", huku anatafuna karanga. Mtu aliyekula ugali kwangu.

Nikarudi. Nikakuta wamemulaza Rébecca hospitali. Solange alikuwa amemaliza kazi, lakini alibaki akamupiga sindano, akamupangusa jasho kwa kitambaa chake mwenyewe.

Rébecca alikuwa hasemi tangu Jumapili. Lakini akamushika Solange mukono, akasema: "Dada Solange, kesho utakuja kuniona tena?"